Wiki Mbili Ambazo Gaston Hakuwa Nyumbani

Gaston aliweka vitu vitatu juu ya meza: karatasi ya kituo cha afya, kaye, yaani daftari, ya shimo la dhahabu, na kalandari ya parokia ambayo alikuwa ameing'oa ukutani pamoja na msumari wake. Consolate alikuwa anapakua sombe ya majani ya muhogo. Alipoona kalandari imelala mezani kama mgonjwa, akafikiri bwana wake anatafuta siku ya kurudi Mwenga.

“Ikala,” Gaston akamwambia.

“Sombe itapoa.”

“Iache ipoe.”

Consolate akakaa. Kwenye kile kiti kizuri chenye mito alikuwa amekaa Gérard, mtoto wa baba mkubwa wa Gaston, mtu wa mlango wa pili hapohapo mtaani Kasha. Hakuna ugomvi wa mtaa uliowahi kuanza bila Gérard kutafutiwa kiti. Leo alikuwa amevaa miwani, na Gérard huvaa miwani siku ya maneno ya wengine tu.

“Hii karatasi banakupatia leo asubui,” Gaston akasema. “Soma hapa.”

Zamani muuguzi aliandika kwa kalamu, “mwezi wa nne na kitu”, na hakuna mtu aliyepigana na mwingine juu ya hicho kitu. Lakini tangu mradi ulete mashini, karatasi zinatoka zimepigwa chapa, na hii ilisema: Umri wa mimba: wiki 20, siku 0.

“Wiki makumi mbili,” Consolate akasoma.

“Gérard, hesabu.”

Gérard akalamba kidole. Akaanzia siku ya leo, Ijumaa, tarehe sita ya mwezi wa tisa, akarudi nyuma wiki kwa wiki, akiwaruka watakatifu mmoja mmoja bila kuwasalimia, mpaka kidole kikasimama.

“Dix-neuf avril,” akasema, kwa sauti ya jaji.

Gaston akafungua kaye. Kule Mwenga kila shimo la dhahabu lina kaye yake, na kila asubuhi sekretere wa shimo anaandika msalaba mbele ya jina la kila mtu aliyeshuka. Siku isiyo na msalaba haina mchanga. Wakati wa kugawana magunia unaweza kulia, unaweza kusema ulikuwa unazika mama yako, hupati kitu. Ndiyo sababu mchimbaji anaamini kaye kuliko macho yake mwenyewe, na Gaston alipotoka huko, shimo lilipojaa maji, alikuja na ya kwao imefungwa ndani ya nailoni.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nne, msalaba. Tarehe ishirini, msalaba. Misalaba ilikwenda imeshikana mikono mpaka tarehe ishirini na tisa.

“Hapa nilifika premier mai, siku ya sikukuu ya kazi, njia nzima iliniona nikishuka kwa gari. Kutoka ile siku mpaka leo ni wiki kumi na munane na siku mbili. Karatasi inasema makumi mbili.” Gaston hakupaza sauti. Afadhali angepaza. “Miye nilikuwa chini ya udongo, Consolate. Hapa juu kulikuwa nani?”

Kijiko cha sombe kikaanguka chini. Hakuna aliyekiokota. 

“Ile tarehe ni miye niliitoa,” Consolate akasema. “Ni siku ya mwisho niliona damu. Mashini inaanza kuhesabu kwa ile damu, haianze kwa—”

“Ah-ah-ah!” Gérard akaziba masikio kwa mikono miwili. “Maneno ya damu mbele ya wanaume, na chakula iko mezani? Maman Lucie, hata haya hauna?”

“Lakini njo namna banahesabu.”

“Karatasi imeandika umri wa mimba,” Gaston akasema. “Haikuandika umri wa damu.”

Neno likafia hapo. Mwanamke wa Kasha anaweza kumwambia bwana wake kwamba kichwa kinamuuma, kwamba mgongo umekatika, kwamba leo yuko kwa likizo, na bwana ataelewa na kugeukia ukuta. Lakini kuitoa ile damu na kuihesabu juu ya meza, siku kwa siku, mbele ya mtu mwenye miwani? Hilo hakufundishwa na mtu.

“Mama iko Minova kwa kununua maharagi, anarudi dimanche, kesho kutwa,” Gaston akasema. “Siwezi kufanya kitu mama haiko. Lundi, siku inafuata, utabeba maputa na nguo zako zote, uende kwenu Walungu. Batoto babaki.”

Mlangoni walikuwa wamesimama wasichana wao, Lucie wa miaka saba na Noëlla wa miaka minne, kila mmoja na sahani yake tupu.

Kisha Gaston akaingia chumbani, akatoka na matela, godoro la kitanda chao, kichwani. Ilikuwa saa saba ya mchana, saa ambayo foleni ya maji ni ndefu kuliko ya Misa. Akapita nayo katikati ya wanawake na madumu yao, akaenda kuitupa kwa Gérard. Mwanaume mwenye mke nyumbani, matela kichwani mchana kweupe. Hakuhitaji kusema neno moja. Madumu mawili yalijaa yakamwagika na wenyewe hawakuona.

*

Jumamosi Consolate akaenda kituo cha afya, ingawa haikuwa siku yake. Habari ya matela ilikuwa imefika kabla yake. Kwenye benchi wanawake walisogea zaidi ya inavyohitajika.

“Ikala hapa, maman, nafasi iko,” mmoja akamwambia, kwa ule upole ambao watu huwawekea wafiwa.

Hakukaa. Aliingia moja kwa moja kwa Fabien, mwandishi wa mashini, kijana wa tai fupi na subira ndefu.

“Papa Fabien, nisaidie. Punguza wiki mbili.”

“Wiki mbili za nini, maman?”

“Za mimba. Pale iko makumi mbili, weka kumi na munane.”

Fabien akacheka. Akaona uso wake, akaacha. Akageuza kioo cha mashini ili na yeye aone. Ilikuwa tablo kubwa, kila mwanamke na mstari wake, na kila mstari umekatwa kwa kolone: jina, mtaa, tarehe ya damu ya mwisho, umri wa mimba, siku ya kuzaa, siku ya kupasuliwa kwa wale wa kupasuliwa. Consolate akajitafuta akajiona. Wiki 20, siku 1.

“Jana ilikuwa siku sifuri.”

“Na kesho itakuwa mbili. Hii kolone hatuiandikake, maman. Inajihesabu. Angalia.” Akaweka kidole, akaandika 18, akapiga. Mashini ikalia, maneno mekundu yakatoka: hapa hapaandikwi. Akapiga tena. Ikalia tena. “Hata daktari akuje, hata mwenye mradi. Yenyewe inachukua tarehe ya leo, inaondoa tarehe ya damu, inagawanya kwa saba. Basi. Haijue kitu ingine.”

“Hakuna namna?”

“Namna iko moja.” Alipolisema tu akajuta, lakini lilikuwa limeshatoka. “Hii kolone ya tarehe, hii njo mutu anaandika. Ukiniambia ulikosea, haikuwa dix-neuf avril, ilikuwa, tuseme, trois mai, ninabadilisha hapa, na zile zingine zitajigeuza zenyewe.”

Akaandika, amwonyeshe tu. Consolate akaona 20 inageuka kuwa 18. Wiki 18, siku 1.  Kitu kidogo hivyo! Vidole viwili vya Fabien, na matela ingerudi nyumbani kabla ya jua kali. Akataka kusema “acha hivyo, Mungu akubariki”, na neno lilikuwa tayari kwenye meno, macho yake yalipoteleza kwenda kuume.

Siku ya kuzaa ilikuwa 24 janvier. Sasa ilikuwa 7 février. Siku ya kupasuliwa ilikuwa 17 janvier. Sasa ilikuwa 31.

“Na hizi mbona zimetembea?”

“Zote zinakunywa kwa mutungi moja, maman. Ukigusa tarehe, umezigusa zote.”

Mkono wa Consolate ukashuka wenyewe mpaka chini ya kitovu, pale penye kovu. Lucie alitolewa pale baada ya siku mbili za uchungu. Noëlla alipitia mlango uleule. Na daktari aliyemshona mara ya pili alimwambia bila kuzungusha: mara ya tatu usingojee uchungu, mama, uchungu ukikukuta nyumbani, hapa patapasuka, na hatutajua tumtafute nani kwanza, wewe ao mutoto. Kama wangemngojea tarehe thelathini na moja, uchungu ungefika kabla yao. Kwenye karatasi angekuwa mke safi. Angezikwa akiwa mke safi.

“Umeshaandika?”

“Bado. Nangojea neno yako.” Kwenye kioo kistari kidogo kilikuwa kinakonyeza, kinaomba jibu. “Nikuulize kwanza: ulikosea tarehe?”

Nje mtoto fulani alichomwa sindano akalia. Consolate akamwacha alie mpaka mwisho.

“Apana,” akasema. “Sikukosea. Rudisha vile ilikuwa.”

Fabien akarudisha. Wiki 20, siku 1. Hakuuliza ni kwa nini. Saa sita alipotoka kwenda kula, foleni ya maji ilimweleza habari ya matela bila kuulizwa.

*

Siku zile mbili Gaston alikula kwa Gérard. Consolate alimpelekea chakula, chakula kikarudi na kifuniko chake. Jumapili kwenye Misa alikaa benchi moja na wasichana wake, na benchi lote lilikuwa lao.

Mchana ule boti ya Minova ikamleta Anne-Marie, mama wa Gaston, na magunia yake ya maharagi. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane wa miaka kumi na zaidi, mwenye macho yanayocheka hata kwenye matanga, jambo ambalo limemletea shida kwenye matanga mengi. Mwenye pikipiki aliyempandisha Kasha alikuwa amemweleza yote kabla ya kona ya tatu.

“Asinge,” akasalimu mlangoni. “Nasikia matela yangu imeolewa kwa Gérard.”

Gaston alikuja, na Gérard nyuma yake, na vile vitu vitatu vikapangwa tena mezani. Bibi akawasikiliza huku anakula. Alikula polepole, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha bugali.

“Nani alihesabu?”

“Gérard.”

“Gérard ule alirudilia darasa ya cinquième mara mbili?”

Gérard akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Mama, usicheke,” Gaston akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. “Miye si mutu wa kudanganywa. Unajua namna nilizaliwa.”

“Najua.”

Kasha nzima ilijua. Kila sikukuu hadithi ilisimuliwa: Gaston, mtoto wa wiki mbili tu, siku ya ubatizo wake alimkamata padri kwenye stola na kumcheka usoni, na padri nusura aangushe chombo cha maji. Mtoto wa wiki mbili, kichwa wima, anacheka! Wengine walirithi shamba. Gaston alirithi hadithi ile. Juu yake alikuwa amejenga imani moja, kwamba alikuja duniani macho wazi na hakuna wa kumfunga kitambaa.

Wanaume walipotoka, Anne-Marie akamfuata Consolate jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

“Damu uliona lini, mukamwana?”

“Dix-neuf avril, mama.”

“Na Gaston alikugusa lini?”

Consolate akainamisha kichwa. “Ile siku alifika. Na siku ya pili. Na ya tatu. Hata mayi ya kuoga hakungojea ipate moto.”

Bibi akahesabu kwenye vifundo vya vidole, midomo ikitembea. Akaanza kucheka, cheko la tumbo lililomtikisa mpaka akashika ukuta. Kisha, ghafla, akaacha. Akaufungua mlango kidogo, akatazama mpaka kule sebuleni, kwenye foto ya arusi yake iliyoning'inia ukutani: yeye na marehemu Pascal, nguo nyeupe, mashada, tarehe imeandikwa chini kwa wino, 30 décembre 1989. Akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama foto aliyokwisha kuizoea.

“Mama? Utamwambia?”

“Nikimwambia maneno ya damu, atafunga masikio. Mwana wangu anaamini mashini. Basi kesho tunaenda kwa mashini. Sisi wote. Na Gérard abebe miwani yake.”

*

Jumatatu wakaingia wanne katika chumba cha Fabien, chumba chenye viti viwili. Gaston hakukaa. Mlangoni nje kulikuwa na mfuko wa maputa ya Consolate, tayari kwa gari la Walungu, na Gaston alikuwa anauangalia kila mara kama mtu anayeogopa usije ukaibiwa, au usije ukakosa kuibiwa.

Fabien akafungua tablo. Gérard akasogeza pua mpaka karibu na kioo, akaruka nyuma.

“Makumi mbili na siku tatu! Munaona! Vendredi ilikuwa sifuri! Nani ameongeza? Nani aligusa?”

“Hakuna mutu aligusa, tonton,” Fabien akasema. “Ile namba haikae ndani ya mashini. Kila mara unauliza, inahesabu upya na tarehe ya leo. Ukiuliza kesho itasema siku ine.”

“Basi ni ya kweli,” Gaston akasema.

“Ni ya kweli.”

Uso wa Gaston ukawa wa kijivu. Mpaka hapo, bila kujua mwenyewe, alikuwa na tumaini kwamba mashini imeharibika.

“Muzuri,” Anne-Marie akasema, akavuta kiti. “Sasa, bwana Fabien, mashini yako inaweza kuhesabu mimba ya zamani?”

“Ya zamani namna gani, mama?”

“Ya huyu.” Akanyosha kidole kwa Gaston. “Alizaliwa tarehe makumi mbili na saba ya mwezi wa tisa, quatre-vingt-dix. Iko kwa karatasi yake ya ubatizo. Andika.”

Gaston akageuka. “Mama, tuache michezo.”

“Mbona waogopa? Hauamini mashini?”

Fabien, ambaye alikuwa amechoka na asubuhi yote ile lakini alipenda kazi yake, akafungua mstari wa kujaribia. “Siku ya kuzaa siwezi kuandika,” akaeleza, “nayo ni kolone ya kujihesabu. Itabidi nitafute tarehe ya mwanzo ile itanipeleka pale.” Akaandika 15 décembre 1989. Mashini ikasema 21 septembre. Akaandika 20. Ikasema 26. Akaandika 21.

27 septembre 1990.

“Njo hiyo,” Fabien akasema. “Kwa mashini, mimba yake ilianza vingt et un décembre.”

“Gaston,” mama yake akaita kwa sauti tamu, “miye na baba yako tulifunga ndoa siku gani?”

Gaston alijibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa katekisimu anayoijua. “Trente décembre. Iko kwa foto.”

Gérard tayari alikuwa anahesabu kwa vidole, ni ugonjwa wake. Kidole cha tisa kikasimama hewani. Akakiangalia. Akamwangalia mama yake mdogo, Anne-Marie. Akakirudisha polepole ndani ya mkono, lakini watu walikuwa wamekwisha kukiona.

Nje, benchi lilikuwa limeegemeza masikio kwenye mlango. 

“Siku tisa,” Anne-Marie akasema. “Nilikuwa bado kwa baba yangu, na ndugu zangu saba, na umbwa. Kwa hiyo niliingia kanisani na nguo nyeupe na tumbo. Ni mashini inasema. Na wewe, Gaston, ni mutoto wa nani? Nyumba hii unalala ni ya Pascal. Kiwanja ni ya Pascal. Beba na wewe mufuko yako, tukutafutie Walungu.”

“Mama!”

“Usiniite mama. Ita mashini.”

Gaston alishika ukingo wa meza. Miaka thelathini na tatu alijua jambo moja bila shaka, na sasa liliondoka chini yake kama ngazi ya shimo iliyooza. Alimtazama mama yake, akatazama kioo, akatazama mama yake. 

“Bapapa, bamama, tafazali,” Fabien akasema, na mikono akainyanyua kama anayesimamisha magari. “Kumbe ni hii njo inaleta vita? Mashini inaanzaka kuhesabu mbele mimba haijaingia. Inaanza kwa siku ya damu ya mwisho. Zile wiki mbili za kwanza ndani ya tumbo hamuna mutu.”

“Hamuna mutu?” Gérard akapiga kelele. “Na munaandika umri wa mimba? Umri wa mimba ya nani, kama hamuna mutu!”

“Sababu siku ya damu, mwanamuke anaijua. Siku mimba iliingia, hakuna mutu anaijua, hata ule alikuwako. Kwa kila mutu, mupunguze kama wiki mbili.”

Nje benchi likaangua kicheko. Ndani hakuna aliyecheka. Gaston alikuwa anahesabu. Vidole vyake vyenye makovu ya nyundo vilikwenda juu ya meza, taratibu: kumi na tisa, ongeza kumi na nne. Tatu ya mwezi wa tano. Akarudia. Tatu ya mwezi wa tano. Siku ya pili baada ya sikukuu, ile aliyokuwa nyumbani, ile mvua ilinyesha mchana wote na hawakufungua mlango. Kisha akahesabu ya kwake mwenyewe: ishirini na moja, ongeza kumi na nne. Nne ya mwezi wa kwanza. Pumzi ikamtoka kwa kishindo.

“Kumbe,” akasema.

“Ni ile nilikuambia vendredi,” Consolate akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. “Nilikuambia mezani. Ukasema karatasi.”

Gaston alitazama sakafu. Hakusema “unisamehe”, katika ukoo ule neno hilo wanaume hulisema wakiwa wagonjwa sana. Akatoka nje, akauchukua ule mfuko wa maputa, akauweka begani.

“Leta tuende nyumbani. Matela nitaichukua mangaribi.”

“Apana,” Consolate akasema, mbele ya benchi lote. “Ilitoka saa saba ya mchana. Itarudi saa saba ya mchana.”

*

Na saa saba Gaston akapita kwenye foleni ya maji, matela kichwani, Gérard nyuma ameshika ncha moja bila miwani. Wanawake wakaweka madumu chini waone vizuri. Mmoja akauliza kama matela imepata talaka. Gaston alitembea kama mtu anayepita kwenye mvua ya mawe.

Consolate na mama mkwe wake walifuata mbali kidogo.  Consolate alikuwa ameshinda na hakusikia utamu wake. Alikuwa anafikiri juu ya kile kistari kilichokuwa kinakonyeza kwenye kioo, na namna neno lilivyokuwa limefika kwenye meno.

“Fabien alinionyesha namna ya kudanganya, mama,” akasema. “Jumamosi. Kubadilisha tarehe tu, na yote ingejigeuza. Kidogo nikubali.”

“Ulifanya vizuri kukataa. Wewe uko na kovu.” Bibi akatembea hatua tatu. “Miye sikukuwa na kovu.”

Consolate akasimama.

“Tembea, tembea, wataangalia.” Anne-Marie akamshika mkono. “Gaston alizaliwa mwezi wa saba, mukamwana. Mwezi wa saba, tarehe makumi mbili na saba, Minova, kwa shangazi yangu. Nilijificha kule mpaka mwezi wa kumi, nikarudi nimemufunika ndani ya maputa tatu, na watu wakasema, Yesu, mutoto wa wiki mbili, angalia mashavu!”

“Na padri? Stola?”

“Mutoto wa miezi mbili na nusu, atashindwa kukamata stola? Atashindwa kucheka?”

Consolate aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ile hadithi ya kila sikukuu! Ule urithi! Ile nguo nyeupe, pale ukutani, na Gaston chini yake, amekwisha kuingia tumboni.

“Mashini haikudanganya,” bibi akasema. “Ilihesabu vizuri kabisa ile tarehe tuliipatia.”

Lakini Consolate alikuwa na swali, na swali lilikuwa zito, na alilisema kwa sauti ndogo sana. “Mama. Baba Pascal... alijua?”

Macho yanayocheka yakaacha kucheka kwa muda.

“Njo yeye aliandika ile tarehe ya kuzaliwa, ya mwezi wa tisa. Kwa mukono yake, mbele ya padri. Alikaa siku nzima na kalandari, anahesabu, anafuta, anahesabu, mpaka akapata siku ile haitaniletea haya.” Akatazama mbele, ambako mgongo wa mwanawe ulikuwa unapanda mlima chini ya matela. “Baba alihesabu kwa kunificha. Mutoto anahesabu kwa kukufukuza. Na pua yao ni moja.”

 Kisha begani kwa Consolate kukaanza kutikisika, mwenyewe akidhani ni kilio, na kumbe ni kicheko, kikapanda, kikamshinda, kikamwambukiza na bibi, mpaka wakalazimika kushikana katikati ya njia, mmoja ameshika tumbo lake lenye wiki ishirini na siku tatu.

Huko mbele matela ikasimama, ikageuka taratibu.

“Munacheka nini?” Gaston akauliza kutoka chini yake.

“Hakuna kitu, mwana wangu,” mama yake akajibu. “Tunahesabu tu.”